Elimu ya moshi ianze kwa anayejenga jiko

Yafuatayo ni mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu mbele ya walimu wakuu, waratibu elimu kata na watumishi wa halmashauri. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya ukurasa huu.



Nimetakiwa nizungumze juu ya namna ya kuwaamsha wananchi kuhusu usafi wa hewa iliyomo ndani ya nyumba. Kichwa hicho cha mazungumzo ni kizuri, lakini kinabeba dhana moja ambayo sina budi kuigusa mapema kabla haijatupotosha. Dhana yenyewe ni kwamba mwananchi amelala, nasi tuliomo ukumbini humu tuko macho, na kazi iliyobaki ni kwenda kumtikisa. Kwa habari ya chanjo, au ya maji ya kunywa, pengine dhana hiyo iliwahi kuwa na ukweli wake. Kwa habari ya moshi wa jikoni, la hasha. Mama anayepikia kuni hahitaji ofisa wa kumwambia kwamba moshi unawasha macho na kubana kifua. Analijua jambo hilo tangu alipokuwa binti wa miaka saba akitumwa kuchochea moto. Asiyelijua ni yule anayengoja chakula sebuleni. Na huyo, ndugu zangu, ndiye mara nyingi aliyechora ramani ya nyumba, aliyeamua jiko liwe na dirisha au lisiwe nalo, na mwenye kushika fedha ya mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo nitazungumza nanyi kama umma unaohitaji kuamshwa, nami nikiwa mmoja wenu.

Tuanze na kitu chenyewe. Moshi wa kuni si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa gesi na chembe ndogo mno za masizi na za mafuta yasiyoungua sawasawa. Chembe zinazowatia wasiwasi waganga ni zile ambazo upana wake hauzidi mikromita 2.5. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 50 hadi 70 hivi, basi fikirini wenyewe jinsi chembe hizo zilivyo ndogo. Vumbi la barabarani lililo kubwa hunaswa puani na kooni, tukapiga chafya, tukakohoa, mambo yakaisha. Chembe hizi hupita puani, hupita kooni, hushuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu ambako hewa hukutana na damu. Hapo hazitoki kwa chafya.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba wastani wa mwaka wa chembe hizo usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Shirika hilo hilo linaeleza kwamba katika nyumba isiyopitisha hewa vizuri, inayopikia kuni, mkaa au mabaki ya mazao, kiasi hicho chaweza kuwa mara 100 ya kinachokubalika. Makadirio yake kwa mwaka 2020 yalikuwa kwamba watu milioni 3.2 ulimwenguni walikufa kutokana na hewa chafu ya majumbani, na miongoni mwao watoto zaidi ya 237,000 waliokuwa chini ya umri wa miaka mitano.

Ukiwauliza watu wengi moshi huleta ugonjwa gani, watakujibu kikohozi. Kumbe katika makadirio hayo ya vifo, fungu kubwa kuliko yote, kadiri ya theluthi moja, ni maradhi ya moyo. Linafuata fungu la kiharusi. Ndipo yanapokuja maradhi ya kifua, nimonia ambayo wazee wetu waliiita kichomi, na ule ugonjwa wa mapafu kuziba polepole ambao huku kwetu huitwa pumu ya uzeeni, ingawa si pumu. Saratani ya mapafu nayo imo. Na mbali na vifo, kuna mtoto wa jicho. Bibi aliyepofuka polepole akiwa na miaka sitini, na ambaye jamaa zake husema ni uzee tu, huenda nusu ya uzee huo aliupata jikoni.

Sasa tumtazame aliyemo jikoni. Wataalamu waliozifuatilia kaya za Laikipia nchini Kenya kwa zaidi ya miaka miwili, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2001, waliona jambo ambalo kila mpishi angeweza kuwaeleza bila malipo, nalo ni kwamba moshi haugawanyiki sawa. Ukipima wastani wa chumba kwa siku nzima utapata hesabu moja, lakini anayeinama kupuliza moto, kugeuza kuni na kusonga ugali huvuta hewa ya wakati ule ule ambao moshi ni mzito kuliko wakati wowote. Kwa hiyo wanawake walivuta moshi mwingi mno kupita wanaume wa nyumba zile zile, na kadiri moshi ulivyozidi ndivyo maradhi ya kifua yalivyozidi. Kisha mwanamke huyo ana mtoto mgongoni. Mapafu ya mtoto yangali yakijengwa, naye huvuta pumzi kwa haraka kuliko mtu mzima, na pua yake iko mahali pale pale ilipo ya mama yake. Baba wa nyumba hiyo anaweza kusema kwa dhati kabisa kwamba nyumbani kwake hakuna moshi. Anasema kweli, kwa kuwa aingiapo yeye, moto umekwisha pungua.

Ndugu Mwenyekiti, hapa sina budi kutua kidogo juu ya mkaa, kwa sababu wengi wetu tuliomo humu tumehama kuni, tukadhani tumeuhama moshi na hatari yake. Mjini mkaa ndio alama ya maendeleo ya jikoni. Hautoi moshi mwingi, haupaki sufuria masizi sana, unaweza kuingizwa ndani. Neno hilo la mwisho ndilo linaloua. Wahenga walituambia panapofuka moshi pana moto, lakini hawakutuachia methali ya kutuonya juu ya moto usiofuka moshi.

Mkaa unapoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haiwashi macho. Moshi wa kuni una heri moja, nayo ni kwamba hukufukuza. Gesi hii haimfukuzi mtu, humkaribisha alale. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hivyo damu inazunguka mwilini kama kawaida lakini haikubeba kilichotumwa. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, miguu hulegea, usingizi humjia. Katika nchi yenye malaria, kila mmoja wetu angedhani ni homa, akajilaza. Akijilaza katika chumba hicho hicho, ndiyo safari.

Ninyi mnaotoka Njombe, Makete, Mufindi au nyanda za juu za Mbeya mnaifahamu baridi ya mwezi Juni na Julai. Mnafahamu pia desturi ya kuliingiza jiko la mkaa chumbani, kuziba nyufa kwa matambara, na kulala. Wapo wanaojihami kwa kuliwasha jiko nje hadi mkaa uwe mwekundu wote, ndipo waliingize. Tahadhari hiyo inapunguza moshi na harufu, lakini gesi yenyewe inaendelea kutoka muda wote mkaa unapokuwa na moto. Wapo wanaofunika makaa kwa majivu ili yadumu hadi alfajiri. Hao wameinyima mkaa hewa, na mkaa ulionyimwa hewa ndio unaotoa gesi hiyo kwa wingi zaidi. Hakuna ujanja wa kulilaza jiko la mkaa pamoja na watu. Lazima lilale nje. Na akikutwa mtu amelegea katika chumba chenye jiko, jambo la kwanza ni kufungua mlango na kumtoa kwenye hewa ya nje, la pili ni kumkimbiza hospitali, ambako dawa yake ni oksijeni. Maziwa anayonyweshwa kwa imani kwamba yanaondoa sumu hayafiki kwenye damu kuing'oa gesi, na mtu aliyepoteza fahamu anaweza kupaliwa nayo.

Mambo haya matatu au manne yangeweza kuandikwa ubaoni katika shule zote za mikoa ya baridi kila mwisho wa mwezi Mei. Hayahitaji mfadhili.

Nisiache kugusa vyanzo vingine, ingawa kwa haraka. Kibatari na koroboi vingali vikiwaka katika nyumba nyingi, na mafuta ya taa si safi hata kidogo. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2014 inashauri yasitumike majumbani. Dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mviringo, ilipimwa na watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2003, wakakuta kwamba kipande kimoja kikiungua chote hutoa chembe ndogo sawasawa na sigara 75 hadi 137. Tunaiwasha chini ya kitanda cha mtoto, kisha tunafunga dirisha. Huko pwani kuna udi na ubani, nami sina ugomvi na desturi njema. Ninachosema ni kwamba chetezo nacho ni moto, na dirisha lililo wazi haliondoi baraka. Ofisini tumefunga madirisha kwa ajili ya kiyoyozi, na watu sita wanavuta pumzi moja kutwa nzima. Akiwamo mmoja mwenye kifua kikuu ambaye hajajitambua, wote sita wamo hatarini. Ugonjwa wa Uviko-19 ulipokuja mwaka 2020 tulifungua madirisha. Ulipopungua, tukayafunga tena. Darasa lenye watoto themanini halina haja ya mtaalamu wa kulipima. Mwalimu anayeingia kipindi cha saa sita akitokea nje analipima kwa pua yake.

Lakini nirudi jikoni, ambako ndiko kwenye vifo vingi.

Kila tunapotaka kuwaelimisha watu kwa wingi, wazee wetu hutukumbusha kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, nao wana haki. Vikundi vya kusikiliza redio viliundwa nchi nzima, na watu wazima wapatao milioni mbili walishiriki. Walikusanyika, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakaamua la kufanya. Neno hilo la mwisho ndilo ninalotaka mlishike. Kampeni ile haisifiwi leo kwa sababu ya uzuri wa sauti za watangazaji. Inasifiwa kwa sababu watu walitoka kikundini wakashika majembe, wakachimba vyoo, wakafyeka majani, wakafukia madimbwi. Aliyesikia na aliyepaswa kutenda walikuwa mtu yule yule, na jembe alikuwa nalo.

Sasa chukueni kampeni ya moshi muipime kwa kipimo hicho. Tunamwita mama kwenye mkutano, tunamwonyesha picha ya mapafu meusi, tunamwambia aache kuni. Anarudi nyumbani na nini mkononi? Fedha ya mtungi hana. Ukuta wa jiko si yeye aliyeuamuru. Akitoboa tundu bila ruhusa ataulizwa. Tumempa hofu bila jembe. Mtu aliyepewa hofu bila jembe hufanya jambo moja la busara: huacha kusikiliza. Kisha sisi tunaandika katika taarifa zetu kwamba wananchi ni wagumu kubadilika.

Kuna pia hoja ambazo wananchi hutoa, na ambazo maofisa wengi huzipita kwa dharau. Husemwa kwamba moshi hufukuza mbu. Husemwa kwamba huhifadhi paa la nyasi dhidi ya wadudu, na kwamba mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa darini juu ya mafiga hayatobolewi upesi. Hoja hizi si za kijinga. Ni hesabu za watu waliokaa na nyumba hizo vizazi kwa vizazi. Anayetaka moshi utoke lazima awe na jibu la mbu, ambalo ni chandarua chenye dawa, na jibu la mbegu, ambalo ni pipa au mfuko usiopitisha hewa. Asipokuwa na majibu hayo anamwambia mkulima achague kati ya kifua chake na mbegu yake, na mkulima atachagua mbegu.

Vilevile tusidanganyane juu ya urahisi wa dawa yenyewe. Nchini Guatemala watafiti waligawa majiko yenye dohani katika kaya za milimani kati ya 2002 na 2004. Moshi uliowafikia watoto ulipungua kwa nusu, na nimonia zilizo kali zikapungua kwa kadiri ya theluthi moja, ingawa nimonia kwa jumla hazikupungua kwa kiasi cha kuthibitika. Baadaye, katika vijiji 150 vya Malawi, jirani zetu hawa, watoto wapatao 10,750 walifuatiliwa kwa miaka miwili. Nusu ya kaya zilipewa majiko ya kisasa yenye feni, yanayounguza kuni vizuri zaidi. Matokeo yalipotangazwa mwishoni mwa mwaka 2016, nimonia hazikuwa zimepungua. Baadhi ya majiko yaliharibika. Jirani alikuwa bado anawasha kuni, takataka zilikuwa bado zinachomwa uani, sigara ilikuwa bado inavutwa ndani. Na hata pale ambapo gesi ilitolewa bure kwa kaya 3,200 hivi katika Guatemala, India, Peru na Rwanda, moshi ukapungua sana, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 hayakuonyesha kupungua kwa nimonia kali za watoto wachanga.

Wapo watakaoniuliza, kwa nini nawatajia mambo yanayodhoofisha hoja yangu? Nawatajia kwa sababu ninyi ni walimu. Mwalimu akiahidi muujiza, nao usitokee, darasa halimwamini tena hata anapofundisha kwamba mbili na mbili ni nne. Tukiwaambia wazazi kwamba jiko jipya litamaliza nimonia katika mwaka mmoja, watatuuliza mwaka wa pili. Lililo kweli ni kwamba moshi wa jikoni ni mzigo wa maisha mazima, unaomwangukia mama kwa miaka thelathini, moyoni, mapafuni na machoni. Haupungui kwa kununua kifaa kimoja na kukiweka juu ya moto ule ule wa zamani. Unapungua pale kuni, mkaa, kibatari na takataka za uani vinapotoka vyote, na kwa jirani pia.

Nchi yetu imekwisha jiwekea lengo. Mwezi Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwisho wa muda huo. Wakati unaandikwa, waliokuwa wakiitumia hawakufika mmoja katika kila kumi. Mwezi huo huo, katika mkutano wa Paris ambao Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mmoja wa wenyeviti wake, zilitolewa ahadi za dola bilioni 2.2 kwa ajili ya bara zima la Afrika. Lengo ni kubwa na ahadi ni kubwa. Hata hivyo, hakuna mkakati unaoingia jikoni kwa miguu yake.

Tuseme ukweli juu ya mtungi wa gesi. Kwa mtumishi mwenye mshahara, gesi haikumshinda bei. Mara nyingi mkaa anaonunua kwa mwezi unamgharimu sawa na gesi au zaidi. Kinachomshinda ni namna ya kulipa. Mkaa unauzwa kwa kopo na kwa ndoo, leo kidogo kesho kidogo, na fedha yake hutoka katika ile ya matumizi ambayo mama huachiwa asubuhi. Gesi hutaka fedha nyingi kwa siku moja, na fedha ya siku moja iko katika mfuko wa baba. Basi mtungi wa kilo 6 ukiisha tarehe 12, mama hurudi kwenye mkaa akingoja mwisho wa mwezi, si kwa kuwa hajaelimika, bali kwa kuwa fungu hilo halimo katika mikono yake. Pia maharage na makande huogopwa kwa kula gesi. Kwa hilo ipo njia rahisi: maharage yakilowekwa usiku kucha huiva kwa muda mfupi zaidi, na penye umeme jiko la umeme la presha hupika maharage kwa umeme kidogo sana. Wapo waume wengi wenye simu za bei kubwa ambao hawajawahi kuuliza bei ya jiko hilo. Sisemi zaidi.

Na yule ambaye gesi haijamfikia, au hana uwezo nayo, asiachwe na hofu mikononi. Lipo jembe lake. Kuni zikaushwe miezi kadhaa na zipasuliwe nyembamba, kwa maana kuni mbichi ni mtambo wa moshi. Jiko banifu lijengwe, lenye dohani inayopita juu ya paa na si kuishia darini. Madirisha mawili yaelekeane. Paa liinuliwe liache mwanya kati yake na ukuta. Kiangazi ipikiwe nje. Mtoto asibebwe mgongoni wakati moto unawashwa. Abebwe na mwingine, na mwingine huyo aweza kuwa baba. Haya hayafikishi hewa katika kiwango cha Shirika la Afya Duniani, lakini yanapunguza mzigo, na yanaweza kuanza wiki hii.

Ndugu Mwenyekiti, nimeliacha kwa makusudi hadi sasa jambo linalowahusu walimu wakuu moja kwa moja. Ni jiko la shule.

Nimeingia katika majiko kadhaa ya shule kwa kazi yangu. Moja lao, katika shule ambayo sitaitaja, lilikuwa banda la bati pande zote, mlango mmoja, bila dirisha, sufuria mbili kubwa juu ya mawe, na magogo mabichi kwa kuwa ilikuwa masika. Wapishi walikuwa wawili, akina mama watu wazima, nao walipokezana: mmoja huingia akakoroga uji kadiri anavyoweza kuzuia pumzi, kisha hutoka akikohoa, na mwenzake huingia. Niliwauliza wamefanya kazi hiyo muda gani. Mmoja alisema miaka kumi na mmoja. Hatua thelathini kutoka hapo palikuwa na ofisi ya walimu yenye madirisha manne, na ukutani bango zuri la rangi linaloeleza madhara ya kuvuta sigara. Mwalimu aliyenitembeza alikuwa mtu mwema na mchapakazi. Nilipomwuliza kama amewahi kukaa ndani ya banda lile wakati chakula kinapikwa, alifikiri kwa muda, akaniambia chakula huletwa.

Serikali ilikwisha agiza kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na tarehe iliyowekwa, ambayo ni mwisho wa Januari 2024, imekwisha pita. Ziko shule zilizotekeleza, nazo zastahili sifa. Zilizobaki hutoa jibu moja, nalo ni kwamba gesi ni ghali na kuni ni bure.

Jibu hilo la kwamba kuni ni bure naomba tulichunguze kwa makini, kwa sababu ndilo linaloyaweka majiko yote haya katika hali yake. Kuni za shule ni bure kwa kuwa hazikuandikwa katika kitabu cha hesabu. Zimeletwa na watoto, kila mmoja na mzigo wake siku fulani ya wiki, au zimetolewa na wazazi kama mchango, au zimekatwa mlimani na wanafunzi katika saa za kazi za mikono. Saa hizo hazina bei katika daftari. Mtoto aliyetembea kilomita mbili na kuni kichwani kabla ya kipindi cha kwanza hana bei. Mpishi aliyeacha kazi kwa kifua, akachukuliwa mwingine, hana bei. Gesi peke yake ndiyo inayokuja na risiti, basi gesi peke yake ndiyo inayoonekana ghali.

Hivyo ninachowaomba ninyi wakuu wa shule na waratibu ni kazi ya karani tu. Kabla ya kikao kijacho cha kamati ya shule, chukueni karatasi muichore safu mbili. Safu ya kwanza iandikwe kuni: mizigo kwa wiki, na bei yake kama ingenunuliwa sokoni kijijini, saa za wanafunzi, magogo ya masika, siku ambazo uji ulichelewa kwa sababu ya kuni mbichi na vipindi vikapotea. Safu ya pili iandikwe gesi, au jiko banifu lenye dohani kwa shule ambazo gesi haijafika, pamoja na bati la kuinulia paa na mbao za madirisha mawili. Kisha kikao hicho kisifanyike ofisini. Kifanyikie jikoni, saa nne asubuhi, wakati uji unapikwa, wajumbe wote wakiwa ndani na mlango ukiwa kama unavyokuwa siku zote, na wapishi nao wapewe nafasi ya kusema katika kikao hicho, kwa maana katika kamati nyingi nilizozisikia hawajawahi kuitwa.